Programu huria na programu za kufungwa: uchague ipi, kwa kazi gani

Watu wengi wakianza kulinganisha programu wanaanzia kwenye bei, hii ya bure hii ya kulipia, basi, mjadala umeisha. Mimi naona hapo ndo wanapotea toka mwanzo, manake bei haikuambii programu ni ya aina gani. Chrome hulipii kitu na sio huria, yaani huna ruhusa ya kuyafungua maandishi yaliyoitengeneza ukayabadili na kuyagawa. WhatsApp hulipii na sio huria. WinRAR inakupa siku 40 za majaribio, zikiisha inaendelea kufanya kazi huku inakukumbusha ununue, nayo sio huria. Upande wa pili kuna Red Hat, kampuni iliyojengwa juu ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao msimbo wake ni huria kabisa, na bado IBM walilipa dola bilioni 34 kuinunua mwaka 2019. Kwa hiyo hela iweke pembeni kwanza, tutaifikia. Swali lenye uzito ni hili: siku mwenye programu akibadili mawazo, wewe unabaki na nini mkononi?

Tofauti iko kwenye leseni

Kila programu inaanza kama maandishi, watu wanaandika maelekezo kwa lugha ya kompyuta, hayo maandishi ndo msimbo, halafu yanageuzwa kuwa kile kitu unachokibonyeza kikafunguka. Programu ya kampuni ya kawaida, mfano Windows au Photoshop, unapewa hicho kitu cha mwisho tu, msimbo unabaki kwao. Na yale masharti marefu tunayoyabonyezea "Nakubali" bila kuyasoma yanasema wazi kwamba umepewa ruhusa ya kutumia, programu yenyewe hujaimiliki. Usiichokonoe ndani, usimgawie mwenzako, usiiweke kwenye mashine zaidi ya zile ulizolipia.

Huria inakwenda kinyume na hayo yote. Mwanaprogramu Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta ulio huria, Septemba 1983, na kutoka kwenye kazi ile zikaja ruhusa nne ambazo mpaka leo ndo kipimo: kuitumia programu kwa shughuli yoyote ile, kuufungua msimbo ukausoma na kuubadili, kugawa nakala, na kugawa hata lile toleo ulilolibadili wewe. Mwaka 1998 likaanzishwa shirika la Open Source Initiative (OSI), wao wakaweka vigezo 10 ambavyo leseni lazima ivitimize ndo iitwe huria. Vipo vigezo ambavyo watu wanavisahau sana, kwamba leseni haitakiwi kubagua mtu wala kundi la watu wala aina ya kazi. Ukikuta leseni inasema programu ni kwa matumizi yasiyo ya biashara tu, jua hiyo sio huria, hata kama msimbo wote umeanikwa hadharani kila mtu anausoma.

Ndani ya huria kwenyewe kuna kambi mbili. Kuna leseni laini kama MIT, BSD na Apache, hizi zinakwambia chukua, badili, uza, hata ukiufunga msimbo ndani ya bidhaa yako hamna shida, ila majina ya waandishi wa mwanzo na notisi ya leseni viache palepale. Halafu kuna GPL na ndugu zake: chukua, badili, uza, lakini ukimpa mtu mwingine hiyo programu lazima umpe na msimbo kwa masharti yaleyale uliyopewa wewe. Nguvu ya GPL ilionekana kwenye ruta moja ya Linksys inaitwa WRT54G. Mwaka 2003 watu wakagundua ndani ya ile ruta kuna Linux, na Linux iko chini ya GPL, wakaanza kuudai msimbo, kampuni ikautoa, na kwenye msimbo ule ukazaliwa mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, ambao mpaka leo unazipa uhai ruta kibao ambazo watengenezaji wake walishaacha kuziletea apdeti. Leseni ingekuwa laini, kampuni isingelazimika kutoa chochote na ruta zile zingeishia jalalani. Ndo maana mimi nikiulizwa nasema wazi, kwa programu anayoitumia mtu wa kawaida naipenda GPL, leseni laini nawaachia wale wanaotengeneza vipande vidogo vya msimbo vya kuchomeka kwenye programu nyingine na wanataka visambae haraka.

Zile za katikati, ambazo zinachanganya watu

Ukiacha pande mbili hizo kuna kundi kubwa la katikati, na humo ndo watu wanaingizwa mjini.

Kuna programu ambazo shina lake ni huria ila unachopewa wewe sio. Chromium ni huria, Google wanaichukua wanaongeza vyao inakuwa Chrome, na Chrome ina leseni ya kampuni. Msimbo wa VS Code, programu ya kuandikia msimbo, uko chini ya MIT, lakini ile unayoidaunilodi kwenye tovuti ya Microsoft ina leseni yao wenyewe pamoja na vitu vya kukusanya taarifa za matumizi, ndo maana kuna watu wanatengeneza VSCodium kutoka kwenye msimbo uleule bila hivyo vitu. Android nayo hivyohivyo, mfumo wa chini ni huria ila zile huduma za Google zinazofanya apu nyingi zifanye kazi, ramani, duka la apu, notifikesheni, zimefungwa. Kwa hiyo mtu akikwambia Android ni huria mkubalie nusu.

Kuna nyingine ambazo msimbo unaonekana ila ruhusa imebanwa, na kundi hili limekua haraka miaka hii. Kampuni inaanza na leseni huria, watu wanaizoea, wanaisaidia kurekebisha bagi, wanaiandikia maelezo, wanaitangaza bila kulipwa, halafu siku moja inabadili leseni. Zile programu zinazofanya kazi nyuma ya tovuti ndo mfano: MongoDB ya kuhifadhi data walifanya hivyo 2018, Elasticsearch ya kutafuta ndani ya data 2021, Terraform ya kupangilia seva Agosti 2023, Redis ya kuhifadhi data Machi 2024. Sababu wanayoitoa mara nyingi ni kwamba makampuni makubwa ya klaudi yanachukua programu yao yanaiuza kama huduma bila kurudisha kitu, na sababu hiyo ina ukweli ndani yake, siwezi kuibeza. Lakini angalia kilichofuata. Msimbo wa zamani ulishatolewa kwa leseni huria na leseni ile hairudishwi nyuma, kwa hiyo watu wakauchukua wakaendelea nao kivyao: Elasticsearch ikazaa OpenSearch, Terraform ikazaa OpenTofu, Redis ikazaa Valkey. Baadaye Elasticsearch na Redis wenyewe wakarudisha leseni huria kama mojawapo ya chaguo, Elasticsearch 2024 na Redis 2025. Kwa programu iliyofungwa toka mwanzo hiyo njia haipo kabisa, mwenyewe akiamua ameamua.

Modeli za akili bandia ndo usiseme, kila mtu anaziita huria siku hizi. Llama ya Meta unaweza kuidaunilodi ukaiendesha kwenye mashine yako, ni kitu kizuri, ila leseni yake ina vizuizi vya matumizi na inawataka wenye huduma zinazozidi watumiaji milioni 700 kwa mwezi wakaombe ruhusa maalumu. Kwa vigezo vya OSI hiyo haipiti. Na wao OSI walitoa tafsiri yao ya akili bandia huria Oktoba 2024, inataka mpaka maelezo ya kutosha kuhusu data iliyotumika kuifundisha.

Halafu huduma za mtandaoni, Google Docs na wenzake. Hapa programu hata haiko kwako, iko kwenye seva ya mwenyewe, wewe una dirisha tu. Hata kama seva yenyewe inaendeshwa na Linux na programu huria tupu ndani, wewe mtumiaji hakuna ruhusa hata moja kati ya zile nne inayokufikia. Leseni ya AGPL iliandikwa kuziba tundu hili, inasema ukiendesha programu kwenye seva na watu wakaitumia kupitia mtandao, wana haki ya kuupata msimbo.

Siku mwenyewe akibadili mawazo

Hapa ndo napenda kukaa zaidi, kwa sababu siku programu inapokuwa nzuri na kila kitu kinaenda freshi aina zote zinafanana, tofauti unaiona siku ya tabu.

Anza na upande wa kampuni. Mwaka 2013 Adobe walitangaza hakuna tena kununua Photoshop ukabaki nayo, toleo la CS6 ndo la mwisho kwa mtindo huo, kuanzia hapo unalipa kila mwezi au kila mwaka, na ukiacha kulipa programu inakufungia. Umegeuka mpangaji. Mwaka huohuo, Julai, Google wakaifunga Google Reader, huduma ambayo watu walikuwa wanaitumia kila siku kusomea habari, wakaambiwa toeni data zenu kabla ya tarehe fulani, ikaisha. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakasitisha apdeti za kawaida za Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, kwa hiyo kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri tu zikajikuta hazina njia rasmi ya kusonga mbele, isipokuwa kujiunga na ule mpango wa muda wa nyongeza. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, kampuni ina haki zake zote. Tatizo ni kwamba wewe hukuwa na kura.

Sasa upande wa huria. Blender leo ni programu ya kutengeneza picha na katuni za pande tatu inayoheshimika dunia nzima, lakini mwanzoni ilikuwa mali ya kampuni moja Uholanzi, na mwaka 2002 kampuni ikafilisika. Kwa kawaida hadithi inaishia hapo, programu inafungiwa kabatini. Ton Roosendaal aliyekuwa ameianzisha akakubaliana na wawekezaji kwamba wakilipwa euro 100,000 wataachia msimbo, watu wakachanga, hela ikatimia ndani ya wiki saba, na Oktoba 2002 Blender ikatoka chini ya GPL. Mwaka 2025 filamu ya katuni iliyotengenezwa kwa Blender, Flow kutoka Latvia, ikachukua Oscar ya filamu bora ya katuni. Hiyo programu ilikuwa imeshakufa kibiashara!

Mfano mwingine ni OpenOffice, programu ya kazi za ofisi. Oracle walipoinunua Sun Microsystems mwaka 2010 wakairithi, watu walioiandika hawakuridhika na mwelekeo, wakauchukua msimbo wakaondoka nao na mwaka huohuo LibreOffice ikazaliwa chini ya taasisi yao wenyewe. MySQL nayo, programu ya kuhifadhi data, ilipokuwa inaelekea mikono hiyohiyo, mwanzilishi wake akaanzisha MariaDB mwaka 2009 kwa msimbo uleule. Mtumiaji wa kawaida alichokiona ni jina kubadilika, mafaili yake na kazi zake zikabaki vilevile.

Ila nisikudanganye kwamba ukienda huria umemaliza matatizo. Desemba 2020 Red Hat walitangaza CentOS 8, toleo la Linux la bure lililopendwa kwenye seva, itafikia mwisho Desemba 2021, wakati watu walikuwa wameshapanga seva zao kwa kutegemea mpaka 2029. Waliokuwa na seva mia walipata kazi ya ziada ambayo hawakuiomba. Tofauti ni kwamba ndani ya miezi michache AlmaLinux na Rocky Linux, zilizotengenezwa kushika nafasi yake, zilikuwa tayari, unahama karibu bila kubadili kitu. Mradi huria unaweza kufa, mwandishi anaweza kuchoka akaondoka, kinachobaki ni msimbo na ruhusa, na hivyo viwili vina thamani kama kuna watu wa kuvishika. Mradi mdogo wa mtu mmoja ambao haujaguswa miaka minne usiuwekee biashara yako hata kama leseni yake ni nzuri kiasi gani.

Usalama

Hapa kuna ubishi mkubwa na kila upande una silaha zake. Wa huria wanasema msimbo ukiwa wazi macho ni mengi, makosa yanaonekana. Wa kampuni wanasema ukiuanika msimbo umemrahisishia mdukuzi. Historia inaonyesha mambo hayajakaa hivyo moja kwa moja.

Aprili 2014 liligundulika tundu la Heartbleed kwenye OpenSSL, ule msimbo unaolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani, mshambuliaji alikuwa anaweza kuvuta vipande vya kumbukumbu ya seva, mpaka kilobaiti 64 kwa ombi moja, humo kukiwa na nywila na funguo za siri. Tundu lilikuwepo toka 2012, msimbo uko wazi muda wote huo. Macho mengi yalikuwa na nafasi ya kuangalia ila hayakuangalia. Desemba 2021 ikaja Log4Shell, tundu kwenye Log4j, kipande cha Java kinachoandika kumbukumbu za matukio, na kipande hicho kilikuwa kimechomekwa kwenye programu nyingi kiasi kwamba watu walikesha wakitafuta kiko wapi kwenye mifumo yao wenyewe.

Halafu kuna ile ya Machi 2024, ambayo kila anayechagua programu anatakiwa kuijua. Kuna kipande cha kubana mafaili kinaitwa xz, kiko karibu kwenye kila Linux, kwa miaka mingi kilikuwa kinatunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Akatokea mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kusaidia taratibu, marekebisho mazuri tu, kwa zaidi ya miaka miwili, akajenga imani mpaka akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Kisha kwenye toleo la 5.6.0 na 5.6.1 akapenyeza mlango wa nyuma, sehemu yake ikiwa imefichwa ndani ya mafaili ya majaribio ambayo hakuna mtu anayeyasoma, na hati ya kuuwasha ikiwa kwenye furushi la kudaunilodi peke yake, kwenye hifadhi ya msimbo hauioni. Aliyemnasa ni injinia mmoja, Andres Freund, alikuwa anapima kitu kingine kabisa, akaona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta iliyo mbali, kunachelewa kama nusu sekunde na prosesa inafanya kazi kuliko kawaida. Nusu sekunde! Hakuipuuza, akafuata uzi mpaka kwenye msimbo wa xz, na tarehe 29 Machi akatangaza hadharani. Wakati huo toleo bovu lilikuwa limefika kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, ambazo ni aina za Linux, kwenye yale imara yanayoendesha seva nyingi halijafika.

Mimi kwenye tukio lile naona mambo mawili kwa pamoja. Moja, udhaifu wa huria sio uwazi, ni watu wachache waliochoka wanaobeba mzigo ambao makampuni makubwa yanautegemea bila kuwalipa, na hili linaniuma kweli kwa sababu dawa yake inajulikana, ni kuwalipa. Pili, Freund aliweza kuufuata uzi hadi mwisho kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Kwenye programu iliyofungwa angeishia kuandika malalamiko kwamba mashine inachelewa.

Na za kufungwa haziko salama kwa kuwa tu zimefungwa. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti moja mbovu ya CrowdStrike, programu ya kufungwa ya kulinda kompyuta, iliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft wenyewe, ndege zikakwama, hospitali zikakwama, na wenye mashine hawakuwa na namna ya kuikagua ile apdeti kabla haijaingia.

Kwa mtu wa kawaida mfano wa kupima ni Signal na WhatsApp. Zote zinatumia njia ileile ya kufunga ujumbe, ilibuniwa na Signal, WhatsApp wakamaliza kuiweka 2016. Ila kwa WhatsApp unaamini neno la kampuni kwamba apu inafanya wanachosema. Signal msimbo uko wazi, na kwa Android mwenye utaalamu anaweza kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo akalinganisha na ile iliyoko dukani kama ni kitu kimoja. Wewe huenda hutafanya hivyo maisha yako yote, lakini wapo wanaofanya, na kampuni inajua wapo.

Mafaili yako, ambayo ndo mali yenyewe

Programu inaweza kubadilishwa, kazi yako ya miaka kumi haibadilishwi. Jaribu kitu hiki: chukua hati uliyoiandika kwa LibreOffice yenye mwisho wa .odt, tengeneza nakala, ibadilishe jina mwishoni iwe .zip, halafu ifungue. Utakuta mafaili ndani, mojawapo linaitwa content.xml, na ukilifungua kwa programu yoyote ya maandishi utayaona maneno yako yamo humo, yamezungukwa na alama ila yanasomeka. Miaka 30 ijayo hata LibreOffice isipokuwepo mtu atayatoa. Fomati hiyo ni kiwango cha kimataifa cha ISO toka 2006.

Kwa haki yake, .docx ya Microsoft nayo ukiifanyia hivyohivyo inafunguka, maandishi yako kwenye faili linaitwa document.xml, hapo walipiga hatua kubwa ukilinganisha na ile .doc ya zamani. Shida iko kwa programu za kazi maalumu, za uhasibu, za michoro ya majengo, za kuhariri video, ambapo faili la mradi linafunguliwa na programu ileile tu. Kabla hujalipia tafuta sehemu ya kutoa data, itoe data kidogo ya majaribio, ifungue kwenye programu nyingine, uone kama inasomeka. Fanya hivi hata kwa huria.

Ubora na msaada

Hapa sina maneno mengi, inategemea kazi. VLC kwa kucheza video ni ngumu kukuta ya kuishinda. 7-Zip inatosha, sioni kwa nini mtu aendelee na WinRAR. Kwenye seva Linux imeshinda, na kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote kwenye orodha ya TOP500 zote zinaendeshwa na Linux toka Novemba 2017. Kwa picha Photoshop bado iko mbele, GIMP 3.0 iliyotoka Machi 2025 ndo kwanza imeleta vichujio unavyoweza kurudi kuvirekebisha baadaye, na kama kazi zako zinaenda kiwandani kuchapwa kwa rangi za CMYK utahangaika nayo. Excel yenye makro nzito za VBA, yaani vile vijiprogramu vinavyoandikwa ndani ya faili, usitegemee LibreOffice iziendeshe zote. Hati kuvurugika mistari ukiihamisha mara nyingi ni suala la fonti, Calibri haipo kwenye Linux, lakini Carlito ina vipimo vilevile, hakikisha ipo na nusu ya malalamiko yanaisha.

Msaada nao watu wanauelewa vibaya. Kulipia leseni ya kampuni haimaanishi utapokewa simu, soma mkataba. Na huria unaweza kuilipia msaada, Red Hat, SUSE na Canonical wanaishi kwa biashara hiyo. Hela uliyookoa kwenye leseni tenga sehemu yake kwa mtu wa kuisimamia, kama hutatenga bora ubaki ulipo.

Sasa uchague ipi

Mwanafunzi au mtu anayejifunza kazi, anza na huria kwa kila kitu kinachowezekana, ujuzi hautakukatikia siku hela ya kila mwezi ikikosekana, na kama unajifunza kuandika programu unaweza kuusoma msimbo wa watu waliobobea. Ofisi ndogo ya barua, hesabu na baruapepe, LibreOffice na Thunderbird zinatosha kabisa. Mbunifu anayebadilishana mafaili na wateja wanaotaka ya Photoshop, lipia Photoshop, usipigane vita ambayo mteja wako hayumo, ila hifadhi nakala ya kila kazi kwenye fomati wazi kama TIFF au PNG. Taasisi ya umma au yoyote inayotunza taarifa za watu kwa miongo, hapo mimi sina kigugumizi, huria kwanza, na ikishindikana basi angalau fomati wazi na haki ya kutoa data iandikwe kwenye mkataba.

Developa, kabla hujachomeka kipande cha mtu kwenye mradi wako fungua faili linaloitwa LICENSE au COPYING, lisome. Halipo? Basi huna ruhusa, msimbo kuonekana mtandaoni sio ruhusa. Ni GPL na unataka kuuza bidhaa iliyofungwa? Tafuta kingine. Angalia pia nani anamiliki hakimiliki, mradi unaomilikiwa na kampuni moja ambayo inamtaka kila mchangiaji asaini kuwapa haki zote ndo ule unaoweza kubadilishiwa leseni kesho, mradi ulioko chini ya taasisi yenye wachangiaji wengi ni mgumu kugeuzwa. Tazama na tarehe ya toleo la mwisho na watu wangapi wana mamlaka ya kuidhinisha mabadiliko, akiwa mmoja kumbuka xz. Kama una uwezo, mchangie.

Na kama umeamua kuhama usihame kwa mkupuo. Anza na mafaili, yahamishie kwenye fomati wazi ukiwa bado kwenye Windows yako. Halafu badilisha programu moja moja, LibreOffice, Firefox, VLC, zote zipo kwa Windows. Kwenye simu ya Android weka F-Droid, duka linalobeba apu huria tu. Mfumo wenyewe uwe wa mwisho, na hata hapo iweke Linux kwenye flashi kwanza, iwashe kompyuta kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ujaribu waifai, sauti, kamera, printa, na kuilaza kompyuta kisha kuiamsha. Kimojawapo kikigoma jaribu toleo lingine la Linux kabla hujafuta chochote.